Vipande Vinne vya Nywele Zangu za Mbele

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mwezi wa pili, nilipohisi mikono ya msusi wangu imesimama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kifupi uani kwake, hapa Butembo, mgongo wangu ukiegemea magoti yake, kama nilivyokaa kila baada ya wiki sita kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo mikono yake ilikuwa ikisimama kwa mambo mawili tu: swala, na simu ya mume wake, ambaye ni dereva wa lori na hupiga akiwa njiani. Saa ya swala ilikuwa bado, na simu ilikuwa kimya.

"Yaya," alisema, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "hapa hakuna kitu ya kushika."

"Hapa wapi?"

Aligusa juu ya sikio langu la kulia. "Hapa. Na hapa. Huku mbele nako, nywele zako zinanikimbia sawa vile mie niko mutu wa bariera ya barabara."

Nilimwomba kioo. Nilijua kwamba nywele zangu zinapungua, lakini nilikuwa nimeiweka habari hiyo upande wa umri, kwa kuwa nina miaka arobaini na tisa, na sikuitazama tena. Sasa niliitazama. Nilitoa utepe wa kupimia ambao hukaa ndani ya mkoba wangu, kwa sababu nauza mbegu na majembe na wateja hubishana juu ya urefu wa mipini. Upande wa kulia, kutoka ncha ya unyusi hadi nywele ya kwanza, zilikuwa sentimita saba. Kushoto, sita na nusu. Katikati ya paji la uso, nane.

"Leo tunafanya je?" nilimuuliza.

"Tunakaza zaidi. Za nyuma zije kufunika za mbele."

Jambo hilo lilionekana kuwa la akili. Nilimeza vidonge viwili vya paracetamol, kama kawaida, na akakaza.

Siku nyingine ningeliacha jambo hilo hapo. Lakini binti yangu wa pekee, ambaye ni mwalimu Beni, alikuwa anaolewa mwezi wa nane, na alikuwa ameniomba kitu kimoja tu. Nyumbani kwangu, juu ya kabati, kuna picha ya siku ya ndoa yangu. Mimi nimesimama mlangoni mwa kanisa, na pembeni yangu amesimama mama yangu. Nywele zake zimeinuliwa pande zote na kukusanywa juu kama taji, zimeshikwa kwa kitana kimoja, na paji la uso liko wazi kabisa. Mama alifariki wakati binti yangu akiwa mdogo, kwa hiyo binti anamjua koko wake, yaani bibi yake, kutoka katika picha hiyo.

"Mama, nataka picha ile ile," aliniambia. "Weye mahali ya koko, mie mahali yako. Hapana kitambaa, hapana perruque ya nywele ya bandia."

Nilikuwa nimekubali bila kufikiri. Sasa nilikuwa na miezi sita, na taji haliwezi kuinuliwa kutoka kwenye ngozi tupu.

Habari kama hii haikai siri sokoni. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimepewa ushauri na wanawake kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na dawa ambayo haijawahi kushindwa. Mwanamke wa Kasugho aliniuzia mafuta ya mbarika, mazito na meusi. Jirani yangu wa mezani pa mboga aliapa kwa maji ya kitunguu. Mteja mmoja aliyekuja kutoka Luofu kuchukua mbegu za karoti alinipa bure chupa ndogo ya mafuta ya avoka. Katika duka la dawa niliuziwa pomada ya kopo la kijani, yenye picha ya mwanamke ambaye nywele zake zinafika kiunoni, kwa dola kumi na nane.

Watu wengi wangepaka zote pamoja. Mimi sikuweza, na sababu ni kitabu. Niliacha shule baada ya mwaka wa sita wa msingi, na yale ninayoyajua juu ya mimea niliyatoa katika karatasi za maelezo zinazokuja ndani ya masanduku ya mbegu, na katika kitabu kimoja cha zamani cha ukulima kilichoandikwa kwa Kifaransa. Nilikinunua kwa mama aliyekuwa akichana kurasa zake ili kufungia mandazi. Kurasa arobaini za kwanza zilikuwa zimekwisha kuliwa pamoja na mandazi, lakini sura ya majaribio ilikuwa nzima. Inasema: usijaribu mbolea tatu mahali pamoja, maana hutajua ni ipi iliyofanya kazi. Gawanya shamba katika vipande. Kila kipande kipe kitu kimoja. Kipande kimoja usikipe kitu, na hicho kitakuwa shahidi. Nimefanya hivyo miaka mingi katika shamba langu la kahawa kule Kalunguta, na halijanidanganya.

Basi niligawanya nywele zangu za mbele katika vipande vinne. Upande wa sikio la kulia, mbarika. Kulia kwa paji la uso, kitunguu. Kushoto kwa paji la uso, pomada ya kopo la kijani. Upande wa sikio la kushoto, shahidi, hakupewa kitu. Mafuta ya avoka niliyaweka akiba kwa jaribio la pili. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasoro robo nilipaka kwa kitambaa tofauti kwa kila dawa, na kila Jumapili nilipima na kuandika katika daftari, ukurasa mmoja kwa kila wiki.

Jumapili ya pili kanisani, mama aliyekaa upande wangu wa kulia alinusa mara mbili, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akahamia benchi la mbele. Niliandika: kitunguu kipakwe baada ya misa.

Msusi wangu alifurahia jambo hilo kuliko mtu yeyote. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka minne, wa familia ya Waislamu wachuuzi, na tangu siku ya kwanza huniita yaya na mimi humwita mudogo.

"Kichwa yako imekuwa shamba ya Kalunguta," alisema. "Nikisuka hapa nalipa kodi kwa chef, mukubwa wa lokalite, ama hapana?"

"Suka tu, mudogo. Usichanganye vipande."

"Eee! Na mvua ikinyesha, tunavuna lini?"

Baada ya wiki tisa nilikuwa na matokeo. Mbarika: nywele zimerudi nyuma milimita tatu. Kitunguu: tatu. Pomada: nne. Shahidi ambaye hakupewa kitu: tatu. Niliyasoma mara mbili. Kisha nikaenda kumwonyesha msusi wangu, maana ilikuwa zamu yangu ya kusukwa.

"Donc, basi, dawa hazifanye kazi," alisema.

"Sikiliza. Mimea ikipungua sawasawa katika vipande vyote, chenye mbolea na kisicho na mbolea, mkulima anaacha kubishana juu ya mbolea. Anatafuta mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa jirani. Anayeingia na kula vipande vyote bila kuchagua."

Alicheka mpaka kitana kikamwanguka. "Na mu kichwa yako, mbuzi anaingilia wapi?"

"Bado sijajua."

"Basi kaa vizuri nikukaze, asipate mulango."

Nilimeza vidonge vyangu viwili, nikakaa vizuri.

Hapa lazima nieleze juu ya kukaza, kwa msomaji asiyekaa kwetu. Butembo ni mji wa vumbi, na msuko hugharimu pesa na nusu siku ya kazi. Msuko uliolegea unafumuka baada ya wiki mbili na kukusanya vumbi lote la barabara. Uliokazwa unakaa wiki sita, hata saba. Kwa hiyo msusi husifiwa kwa jambo moja: usiku wa kwanza mteja asiweze kulala. Wanawake hukutana sokoni wakiwa na macho yaliyovutwa kuelekea masikioni, na swali ni moja, "Ulilala?" na jibu la fahari ni, "Hata kidogo." Hakuna aliyeita hayo maumivu. Yalikuwa alama ya kazi nzuri, na msusi wangu alikuwa na mikono iliyojulikana kuliko yote mtaani. Hata vipele vidogo vinavyotokea pembeni mwa paji la uso tulivitazama kwa heshima.

Mwezi wa nne ulipokuwa unaisha, binti yangu alinipigia simu. Katika kituo cha afya karibu na shule yake kulikuwa na muuguzi aliyesomea magonjwa ya ngozi, naye hupokea watu kila Alhamisi. Niliondoka Butembo asubuhi na mapema, kama wote wanaotaka kwenda Beni na kurudi jua likiwa bado juu. Nilichukua daftari.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani na sauti ya chini. Binti yangu alikaa pembeni yangu, kitambaa chekundu kichwani. Muuguzi alitazama kichwa changu muda mrefu kwa taa ndogo, kisha akaniuliza maswali kwa mpangilio ulionipendeza. Je, nywele zinatoka kichwa kizima au mbele tu? Kuna mtoto aliyezaliwa karibuni? Nilicheka. Uchovu, kizunguzungu, damu nyingi ya mwezi? Nywele huwekwa dawa ya kunyoosha? Kuna mahali panapowasha na kutoa magamba? Nilijibu yote, na kila nilipojibu hapana alikunja kidole kimoja.

"Na hiyo?" aliuliza, akilinyooshea daftari kidole.

Nilimweleza juu ya vipande vinne. Hakucheka, jambo ambalo bado namshukuru. Alisoma kurasa zote, moja baada ya nyingine. Kisha akarudi nyuma, kwenye kurasa za miaka iliyopita, maana katika daftari hilo hilo ninaandika pia tarehe za kusukwa na dawa zote ninazomeza.

"Mama," alisema, "hii 'para 2' ni nini? Naiona hapa. Hapa tena. Na hapa."

"Paracetamol, mbili."

"Ya ugonjwa gani?"

"Haiko ugonjwa. Ni ya tresse."

Alivua miwani yake. "Unameza dawa ya maumivu mbele ya kusukwa. Kila mara."

"Kila mara."

"Basi jibu uliisha kuliandika weye mwenyewe. Miaka mingi."

Nilitazama ukurasa. Niliona "msuko, para 2", kwa mwandiko wangu, kwa wino wangu, na chini yake tena, na chini yake tena. Nilikuwa nimepima kila kitu katika shamba lile isipokuwa kitu kimoja kilichokuwa kinavuta vipande vyote vinne kwa nguvu ile ile. Hata shahidi wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa bila kuguswa, nilikuwa nimempeleka kukazwa pamoja na wengine.

Alinieleza njia zilizopo, na niliziandika kama alivyozisema. Ya kwanza, na bila hiyo nyingine zote ni bure, ni kuacha kuvuta: hakuna msuko unaouma, hakuna meshi nzito za nywele za kuongezea, hakuna perruque ya gundi, hakuna kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Mwanamke akipungukiwa nywele kichwa kizima, apimwe damu, maana upungufu wa chuma, ugonjwa wa tezi la shingo na miezi ya baada ya kuzaa huleta jambo hilo, na kila kimoja kina tiba yake. Magamba na kuwasha vinaweza kuwa vibarango, na vibarango vinahitaji dawa ya kumeza, si mafuta. Kwa nywele zinazopungua juu ya kichwa kwa sababu ya umri au ukoo kuna dawa ya kupaka inayoitwa minoxidil. Inataka miezi mingi kabla ya kuonyesha kitu, ukiiacha nywele ulizopata zinaondoka tena, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiiguse. Kupandikiza nywele kupo, lakini mbali na kwa bei ya gari.

"Na mimi?" niliuliza. "Ndoa ni mwezi wa nane."

Aligusa kila kipande. "Hapa, hapa na hapa naona vinyweleo vidogo, muzizi ungali muzima. Acha kuvuta na ungoje. Hapa juu ya sikio la kulia, ngozi inang'aa. Hapo sikudanganye."

Kisha akamgeukia binti yangu. "Na weye, toa kitambaa."

"Mie sina shida, mama. Nimesindikiza tu."

"Toa."

Alitoa. Pembeni mwa paji la uso, pande zote mbili, kulikuwa na vipele vile vidogo tunavyoviheshimu, na nyuma yake nywele nyembamba kama za mtoto mchanga. Alikuwa amesukwa Jumamosi iliyopita. Alikuwa amepanga kusukwa tena kwa ndoa, misuko midogo midogo ya kukazwa kabisa, ili idumu mpaka mwisho wa mwezi.

"Hii ingali mapema," muuguzi alisema. "Hii itarudi yote. Lakini si ukirudia mara ingine tano."

Nilipimwa damu pia, kwa sababu alitaka kuwa na hakika. Chuma kilitosha. Nilirudi Butembo nikiwa na jibu kamili na shida mpya, nayo ilikuwa jinsi ya kumwambia mwanamke aliyenisuka miaka kumi na tisa.

Sikungoja zamu yangu. Nilikwenda Jumatatu mchana. Alikuwa peke yake uani, akichambua mchele.

"Leo haiko siku yako," alisema. "Ama umekuja kuvuna?"

"Nimemupata mbuzi."

"Eee! Wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo, lakini macho yangu yalikwenda kwenye mikono yake kabla ya mimi kuyazuia. Aliifuata njia ya macho yangu. Akaiweka mikono juu ya sinia.

"Yaya. Donc mbuzi ni mie?"

"Mbuzi ni kukaza. Na mulango nilimufungulia mie mwenyewe."

"Miaka kumi na kenda!" alisema, na sauti ilipanda. "Hakuna mutu hata mumoja alinambia 'legeza'. Bote banasema 'kaza'! Weye ni wa kwanza kusema vile! Nani alisema Desemba anataka ifike mpaka mwaka mupya na hata punda asiifumue?"

Nilikuwa nimesema hivyo, neno kwa neno. Nilikubali. Nilimfungulia daftari nikamwonyesha zile 'para 2'. Alizitazama kwa muda, akihesabu kwa kidole.

"Na mie nilikuwa nakuletea maji ya kumezea," alisema, kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo sikuwahi kuuliza. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwona na mtandio wake tu, kwa kuwa wageni walikuwa wakiingia na kutoka uani humo kutwa nzima.

"Na zako, mudogo? Nani anakusuka?"

Alitazama mlango wa ua, akainuka, akaufunga kwa komeo. Kisha akavua mtandio. Chini yake kulikuwa na misuko miwili minene, imelegea kama kamba ya kufungia mbuzi, na nywele za mbele zilianza pale pale zinapopaswa kuanza, nyingi, nyeusi, hadi kwenye masikio.

"Mbili tu," alisema. "Dakika kumi. Mie naonyesha nani? Bwana, na yeye iko mu lori."

Tulitazamana. Nadhani mimi ndiye niliyeanza kucheka, lakini yeye alichelewa kumaliza. Shahidi wa kweli, asiyeguswa na chochote, alikuwa amesimama nyuma ya kichwa changu muda wote huo, ameshika kitana.

Kuanzia siku hiyo alinisuka misuko minene sita, bila meshi, na sharti lilikuwa moja: nikikunja uso, anafungua na kuanza upya. Ilikuwa vigumu zaidi kwake kuliko kwangu. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kuvuta, na mara kwa mara aliviambia, "Tulieni nyie." Msuko ulifumuka baada ya wiki mbili, kama tulivyojua. Sokoni walinicheka.

"Mama wa mbegu, tresse yako imechoka?"

"Iko mu conge," niliwajibu. "Inarudi kazini mwezi wa nane."

Binti yangu alikuja mara mbili kutoka Beni kusukwa uani hapo, na baada yake wakaja walimu wenzake wawili. Msusi wangu aligundua kwamba msuko wa wiki mbili, hata kwa nusu ya bei, humleta mteja mara tatu pale alipokuwa akija mara moja. Kwa sababu hiyo aliacha kunikasirikia.

Niliendelea kupima kila Jumapili. Wiki nne, hakuna kitu. Wiki ya saba, kipande cha kitunguu kilionyesha vinyweleo vipya, ingawa kitunguu chenyewe nilikuwa nimekwisha kukiacha. Wiki ya tisa, pomada na shahidi. Mwishoni mwa mwezi wa saba vipande vitatu vilikuwa na nywele za sentimita mbili, laini, zikisimama wima kama miche ya leki, ndugu wa kitunguu. Kipande cha nne, juu ya sikio la kulia, kilibaki kama kilivyokuwa.

Asubuhi ya ndoa msusi alikuwa amekwisha fika Beni na lori la mume wake. Alimwinulia binti yangu nywele zake mwenyewe, bila msuko, na kumwekea maua madogo meupe nyuma. Pembeni mwa paji lake la uso hapakuwa na kipele hata kimoja. Kisha akanikalisha mimi. Alikusanya nywele polepole, pande zote, akapandisha taji, akalishika kwa kitana cha mama yangu. Alipofika upande wa kulia alisimama.

"Yaya, hapa patupu panaonekana. Sawa kifuniko ya chupa. Nikivuta hii moja tu, kidogo, inafunika."

"Itauma?"

"Kidogo."

Binti yangu alijibu kabla yangu, akiwa mlangoni na gauni lake. "Hapana kuvuta. Acha ionekane."

Niliwaza juu ya jambo moja la mwisho. Katika picha ya zamani mama yangu amesimama kushoto, na upande wake wa kulia ndio unaoelekea kamera. Nilipendekeza kwamba sisi tubadilishane pande. Binti yangu alisema picha ile ile ni picha ile ile. Basi mlangoni mwa kanisa nilisimama mahali pa mama yangu, na mpiga picha akabonyeza.

Picha mbili sasa ziko juu ya kabati, bega kwa bega. Katika ya pili taji ni dogo kuliko la mama, na juu ya sikio la kulia kuna doa linalong'aa. Binti yangu anacheka ndani yake, na mimi pia.

Msusi alikuja kuiona wiki iliyofuata. Aliitazama kwa makini, zaidi kazi yake kuliko nyuso zetu, kisha akaniuliza zile dawa zote zilikula ngapi. Nilifungua daftari. Usafiri, muuguzi na kipimo cha damu sikuvihesabu, maana hivyo vilizaa. Nilihesabu mbarika, vitunguu, na makopo mawili ya pomada ya kijani.

"Kwa pesa hiyo ungenunua mbuzi, yaya."

"Mmoja," nilisema, "tena mdogo." Na nikamsomea jumla ya hasara: dola arobaini na tano.